Jaroslava si ua la masika

Mhariri,

Orodha ya majina ya wasichana wa Slovakia mliyoichapa imempa Jaroslava maana ya "ua la masika". Kosa hili linajulikana linakotoka. Katika Kislovakia cha leo neno jar ni majira yanayofuata baridi, lakini jina ni la kale kuliko matumizi hayo: jarý ni mkali, mwenye nguvu, na sláva ni sifa au utukufu. Jarmila naye ana mzizi huohuo, kisha milá, mpendwa. Ua mlilolitafuta liko kwa Kvetoslava, maana kvet ndiyo ua. Na waridi, ruža, liko kwa Ružena.

Majina ya Kislavi, jamii ya lugha ambamo Kislovakia kimo, hufumuliwa kama mkeka, ukayashika mafundo yake. Anayejua sláva ameshapata nusu ya Miroslava (amani na sifa) na ya Bronislava (kulinda sifa). Ľudmila ni ľud, watu, na milá: mpendwa wa watu. Jina hilo lilienezwa na Mtakatifu Ludmila wa Bohemia (sehemu ya Ucheki ya leo), aliyeuawa mwaka 921. Božena limetoka kwa Boh, Mungu. Mengine hayahitaji kufumuliwa, na msomaji wa Kiswahili ana wenzake mtaani kwake: Viera ni Imani, Nadežda ni Tumaini. Ľubica limetokana na ľúbiť, kupenda, kwa hiyo Upendo hayuko mbali naye.

Kundi la pili lilikuja na Biblia, na hapo orodha yenu iliyaita yote "ya Kislavi". Zuzana ni Kiebrania, lile ua ambalo Biblia yetu huliita nyinyoro. Alžbeta ni Elisabeti. Anna ni neema. Jana ni Yohana wa kike, husomwa Yana, wala halina uhusiano na siku iliyopita.

Kusoma ndiko kunakowashinda wengi, watangazaji wa michezo wakiwa mbele. J ni y yetu, c ni ts, č ni ch ya chai, š ni sh, na ch yao ni kh ya kheri. Ž hatuna: weka ulimi kama unasema sh, kisha utetemeshe koo kama kwenye z. Mkwaju juu ya irabu, kama kwenye á, unairefusha tu, hauitilii mkazo. Mkazo hukaa silabi ya kwanza daima, ilhali sisi tunauweka ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana tunasema zu-ZA-na wakati wenyewe wanasema ZU-zana. Mcheza tenisi Dominika Cibulková ni TSI-bulkova. (Cibuľka ni kitunguu kidogo, lakini hilo ni la ukoo.) Hiyo -ová ni alama ya mwanamke kwenye jina la ukoo, si sehemu ya jina alilopewa. Zuzana Čaputová, rais wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo, 2019 hadi 2024, ni Zuzana. Kumwita "Bi Ova" kama ilivyopata kusikika ni kichekesho.

Kwa wapangaji kurasa: Ľ ni herufi moja. Kale kamkia kanafanana na ritifaa ya ng', lakini ukiandika L kisha ukaweka alama pembeni, kompyuta hulikata jina vipande viwili na kulipanga mahali pasipo pake. Fonti ikikosa herufi hiyo, heri Lubica kuliko kisanduku kitupu.

Zuzka, Katka, Betka na Mirka mliyoyaorodhesha peke yake ni majina ya nyumbani ya Zuzana, Katarína, Alžbeta na Miroslava. Shangazi humwita mtoto hivyo, lakini kwenye hati huandikwa lile refu.

Kilichokosekana kabisa ni meniny, siku ya jina, ambayo kalenda za ukutani huichapa kando ya tarehe na wenye jina hupewa maua. Katarína ni 25 Novemba, Barbora 4 Desemba, Lucia 13 Desemba, na Eva 24 Desemba pamoja na Adam. Zamani siku za Katarína, Barbora na Lucia zilihesabiwa kuwa za wachawi, watu wakala vitunguu saumu kujikinga. Na usiku wa Lucia wasichana waliojifunika nguo nyeupe walipita nyumba kwa nyumba wakifagia kwa manyoya ya bata bukini. Mkiichapa tena orodha, wekeni tarehe hizo kando ya majina, na Jaroslava mrudishieni nguvu zake.

Msomaji wenu,
Morogoro