Lighthouse Imekupa 100, Mbona Tunakudai Kazi ya Siku Mbili?

Kazi yetu ni kukagua na kurekebisha tovuti ili watu wenye ulemavu, kama wasioona, waweze kuzitumia. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye duka la viatu Kamukunji alinipigia simu kwa hasira. "Kijana wangu, mpwa wangu amebonyeza tu Chrome, tovuti imepata mia kwa mia, bure! Wewe elfu ishirini na nane ni za nini?" Si yeye wa kwanza kuniuliza, kwa hivyo nalijibu swali hilo hapa.

Mpwa hakudanganya. Lighthouse, zana ya kupima ubora wa tovuti, imo ndani ya kivinjari cha Chrome, haina malipo, na hata sisi huanza nayo. Kwa ufikivu, yaani urahisi wa tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, hutumia axe-core, msimbo huria wa kampuni ya Deque, injini ileile iliyomo kwenye zana za kulipia za kampuni hiyo. Duka la kurasa kumi na mbili siliuzii leseni ya zana hizo. Leseni ni ya mwenye kurasa maelfu zinazobadilika kila wiki, anayehitaji kuzikagua zote na kupata ripoti.

Lakini ile mia ilipatikanaje? Lighthouse huangalia kama picha ina maelezo ya maandishi ndani ya msimbo. Kama maelezo yana maana, haijui. Mpwa alikuwa amejaza neno "picha" kwenye viatu vyote sitini. Asiyeona akifungua ukurasa kwa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, anasikia picha, picha, picha, asijue sandali ni ipi na buti ya shule ni ipi. Kuandika upya kiatu kimoja kimoja kulitumalizia asubuhi nzima, na saa hizo zimo kwenye bili.

Tukaja kwenye malipo. Niliweka kipanya kando nikatumia kitufe cha Tab cha kibodi peke yake: saizi, idadi, kisha ikaruka "Lipa na M-Pesa" na kutua kwenye anwani ya duka chini kabisa. Kile kilichoonekana kitufe kilikuwa kisanduku kilichopakwa kijani tu. Tulipokirekebisha, mwenzetu asiyeona akakibonyeza. Skrini ikaandika "Angalia simu yako uweke PIN", NVDA kimya. Akadhani haijashika, akabonyeza tena, na tena, simu ikitetemeka ndani ya mkoba. Zana ya bure na ya kulipia zote zilikuwa zimepita hapo bila kusema neno.

Njia ya mkato inayoniumiza zaidi ni kile kidude cha kubandika kwenye tovuti, kinachodai kurekebisha kila kitu chenyewe. Mteja wangu mwenye hoteli alikilipia kila mwezi, na kikawa kinagongana na kisoma skrini cha wageni wake. Tulikiondoa, tukarekebisha msimbo wenyewe. Kazi moja, akailipia mara mbili.

Ukitaka bili ipungue, endesha Lighthouse mwenyewe kabla hujatuita. Maandishi hafifu yakoleze yafikie uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya rangi yake na ya mandharinyuma, unaotakiwa na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, kwa maandishi ya kawaida, na kila picha yenye maana ipe maelezo ya kweli. Tukija, tutaanzia moja kwa moja kwenye ukurasa wa malipo.