"Nywila haikubali": yaliyomo nyuma ya kisanduku cha kuingilia

Sisi tunaoshughulikia mifumo ya kuingia kwenye tovuti, lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote ni fupi: "Wateja wangu wanasema nywila haikubali." Tukienda kuangalia majaribio yaliyokataliwa, mara nyingi nywila haina kosa lolote. Mtu ameandika barua pepe yake mahali ambapo mfumo unasubiri jina la mtumiaji. Jina lenyewe amelisahau, na hana lawama: siku ya kujisajili alikuta alilolitaka limeshachukuliwa, akaongeza tarakimu mbili mwishoni ili apite, basi. Lakini barua pepe yake, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakutajia herufi kwa herufi.

Kinachofuata ndicho kinachochosha. Mfumo unamwambia jina au nywila si sahihi; yeye anasikia nywila tu. Anabonyeza "Umesahau nywila?", anapata kiungo, anaweka nywila mpya, anarudi kuingia kwa barua pepe ileile, anakataliwa tena. Sasa ana hakika mfumo wako ni mbovu. Wengine hufungua akaunti ya pili kwa barua pepe nyingine, nawe unabaki na mteja mmoja mwenye historia mbili za manunuzi.

Dawa inajulikana: kisanduku kikubali vyote viwili, jina la mtumiaji au barua pepe. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, waliliweka hilo katika toleo la 4.5, Aprili 2016. Kabla ya hapo fomu ya kuingia ilitaka jina peke yake, ilhali fomu ya kurejesha nywila ilikuwa inakubali lolote kati ya hayo mawili, jambo lililozidi kuwachanganya watu. Kwa hiyo kama tovuti yako ni ya WordPress na bado inakataa barua pepe, usikimbilie kulipia kazi ambayo tayari umepewa. Yaelekea kuna programu-jalizi (nyongeza iliyopachikwa kwenye WordPress), au ukurasa wa kuingia uliotengenezwa pembeni, unaozuia. Huo ni ukaguzi mfupi. Mifumo iliyojengwa kwa Django, zana za waandishi wa programu za kujengea tovuti, ni habari nyingine: yenyewe hutambua watu kwa jina la mtumiaji, na njia ya barua pepe lazima iandikwe.

Wengi huiandika kwa mstari mmoja: tafuta akaunti ambayo jina lake ni hili, au barua pepe yake ni hii. Inafanya kazi siku ya majaribio, na mteja anafurahi. Shida ni kwamba WordPress na Django zote mbili, zikiachwa zilivyo, huruhusu alama ya @ ndani ya jina la mtumiaji. Maana yake, pasipo ukaguzi wa ziada, mtu anaweza kujisajili akachagua jina "maua@example.com" wakati anwani hiyo ni barua pepe ya mtu mwingine kabisa. Wakati watu waliingia kwa jina peke yake, hilo halikumdhuru yeyote. Ukishafungua mlango wa pili, neno moja linaelekeza kwa watu wawili, na hifadhidata inarudisha mistari miwili, yaani akaunti mbili.

Mfumo ukichukua mstari wa kwanza bila kuuliza, mwenye barua pepe halali anafungiwa nje, kwa sababu nywila yake inalinganishwa na ya mtu mwingine. Hiyo ni hali nafuu. Tuliwahi kukuta mfumo uliolinganisha nywila kwa kutafuta mara moja, kisha ukafungua akaunti kwa kutafuta mara ya pili, na mara hiyo ya pili ukaanza na barua pepe. Mtu angeweza kujisajili kwa jina lililo sawa na barua pepe yako, akaweka nywila yake mwenyewe, kisha akaingia kwako. Aliyeuandika hakuwa mzembe. Kila nusu ilikuwa sahihi ikisomwa peke yake.

Kwa hiyo sisi hatutumii "au". Kilichoandikwa kikiwa na @, tunatafuta kwenye barua pepe tu. Kisipokuwa nayo, kwenye majina tu. Akaunti iliyopatikana tunaishika kwa namba yake ya ndani na kuendelea nayo hiyohiyo hadi mwisho, hatuitafuti tena. Kisha tunazuia @ katika majina mapya. Majina ya zamani yenye alama hiyo tunayaorodhesha kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi mtu aliandika barua pepe yake mwenyewe kama jina, na huyo haoni mabadiliko yoyote. Anayebaki ni yule ambaye jina lake lina @ lakini si barua pepe yake. Huyo anahitaji ujumbe mapema, maana siku ya mabadiliko jina lake la zamani litakoma kumfungulia.

Kuna na suala la herufi kubwa na ndogo. Kanuni za barua pepe zinasema sehemu iliyo baada ya @ haijali ukubwa wa herufi, lakini iliyo kabla yake inaweza kujali. Kwa vitendo, watoa huduma wanaotumiwa na watu wengi huona "Maua" na "maua" kuwa kitu kimoja, nasi tunafuata hivyo: tunalinganisha kwa herufi ndogo. Ila tunaangalia kwanza kama hifadhidata haina tayari akaunti mbili zinazotofautiana kwa herufi hiyo tu. Tumekuta hivyo mara kadhaa, na karibu kila mara ni mtu yuleyule aliyejisajili mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye simu.

Usidhani kubadilisha ukubwa wa herufi ni jambo jepesi. Desemba 2019 Django ilitoa marekebisho ya usalama kwa ajili ya hilo hasa. Zipo herufi za maandishi mengine ambazo, zikibadilishwa ukubwa, huangukia kwenye herufi za kawaida tunazozijua. Mtu angeweza kuomba kurejesha nywila kwa anwani inayofanana na yako kwa namna hiyo. Mfumo ungeiona ni wewe, kisha ungepeleka kiungo kwenye anwani aliyoiandika yeye. Tangu hapo sisi hatuna mjadala: kiungo kinapelekwa kwenye anwani iliyomo kwenye hifadhidata, kamwe si kwenye ile iliyoandikwa kwenye fomu.

Kisanduku chenyewe kina mitego yake midogo. Kikiachwa kuwa cha aina ya barua pepe, kivinjari kitamzuia anayeandika jina lake, kwa kuwa halina @, na ombi halitafika hata kwenye seva. Kiwe kisanduku cha maandishi ya kawaida, kikiwa na autocomplete="username" ili programu za kutunza nywila zikitambue. Zima herufi kubwa ya mwanzo ambayo simu huiweka zenyewe. Ondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni, maana kibodi za simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno lililopendekezwa. Lakini nywila usiipunguze hata nafasi moja. Huenda mwenyewe aliiweka kwa makusudi. Na juu ya kisanduku paandikwe wazi "Jina la mtumiaji au barua pepe". Mtu hawezi kujua kwamba mlango wa pili umefunguliwa kama hukumwambia.

Mtu akikosea, jibu liwe moja tu kwa makosa yote. Ukimwambia "barua pepe hii haipo kwetu", umempa mgeni yeyote njia ya kuuliza nani ni mteja wako na nani siye. Hata muda wa kujibu husema kitu: Django huikokotoa nywila iliyoandikwa, kazi inayochukua muda, hata pale akaunti isipopatikana, ili jibu la "hayupo" lisije haraka zaidi kuliko jibu la "amekosea". Idadi ya majaribio nayo ihesabiwe kwa akaunti, siyo kwa neno lililoandikwa. Vinginevyo anayebahatisha nywila atamaliza nafasi zake, tuseme tano, kwa jina, kisha apate nyingine tano kwa barua pepe.

Swali gumu zaidi halihusu programu. Utafanyaje na watu wanaotumia barua pepe moja kwa akaunti kadhaa, tuseme ofisi nzima au wazazi na watoto wao? WordPress hukataa marudio wakati wa kujisajili, lakini modeli ya kawaida ya mtumiaji katika Django haidai barua pepe iwe ya pekee. Hapo hatuwezi kukuamulia. Tunachopendekeza ni kwamba akaunti za namna hiyo ziendelee kuingia kwa jina peke yake, na barua pepe isiwafungulie hadi kila mmoja awe na yake.

Wateja wengine hutuuliza kama si rahisi kuyafuta majina ya watumiaji na kubaki na barua pepe. Kwa mfumo mpya, ndiyo, tungefanya hivyo bila kusita. Kwa mfumo wenye watu ndani, hapana. Kuna aliyejisajili kwa barua pepe ya kazini, akaacha kazi, sanduku lile likafungwa, na bado anaingia kila siku kwa jina lake. Ukimfungia njia hiyo, hata kiungo cha kurejesha nywila hakitamfikia.

Ukituletea kazi hii, tuambie mfumo wako umejengwa kwa nini na ni toleo lipi. Tutakuomba utuhesabie mambo matatu: majina yenye alama ya @, barua pepe zinazojirudia bila kujali ukubwa wa herufi, na akaunti zisizo na barua pepe kabisa. Idadi tu inatosha kwa kuanzia. Majina ya watu hatuyahitaji bado, na nywila zao hatutaziomba wakati wowote. Kama hesabu zote tatu ni sifuri, kazi ni ndogo. Kama siyo, sehemu kubwa ya muda itakwenda kuwaandikia watu hao kabla ya siku ya mabadiliko.