Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto Wenye Saratani ya Figo, Nairobi, 2025

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulizuru wodi kila mwezi isipokuwa Aprili, tukasaidia familia kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali, tukachanga nauli na pampasi. Tulizika watoto wawili, Mungu azilaze roho zao mahali pema. Fedha zilizoingia ni shilingi 187,400, zilizotoka 171,950. Risiti ziko kwa mweka hazina.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno. Mwezi wa saba, mimi na mweka hazina tuliamua shilingi 58,000 zilizotengewa safari ya watoto ya Naivasha zilipie maabara isome upya vipande vya uvimbe wa watoto wanne. Kwenye WhatsApp nimeambiwa najifanya daktari, na kwamba nimewanyima watoto raha yao. Nimeyasoma yote, na ninajibu kwa maandishi ili yasibaki ya pembeni.

Mama mmoja wa Kayole alinijia na ripoti ya mwanawe wa miaka mitatu, ameikunja mara nne ndani ya kitabu cha kliniki. Uso umemchangamka: "Mwenyekiti, ni hatua ya kwanza," yaani saratani haijatoka nje ya figo. Niliisoma hadi chini. Karibu na mwisho palikuwa na mstari mmoja wa kusema kwamba tezi za limfu, vifundo vidogo vya kinga ya mwili ambamo saratani inaweza kuenea, hazikuletwa maabara. Yule mama hakuwa ameelezwa maana yake.

Figo inapotolewa, daktari wa upasuaji anatakiwa achukue pia tezi za kwenye mlango wa figo na zile za kando ya mishipa mikubwa ya damu, hata zikionekana safi. Jicho hapa haliaminiki. Tezi iliyovimba inaweza kuwa haina kitu, na iliyo ndogo kama punje ya dengu ikawa imebeba saratani. Ni hadubini inayojua. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya unataka tezi zisipungue 7. Moja tu ikikutwa na saratani, mtoto huhesabiwa hatua ya tatu: anaongezewa dawa ya doksorubisini juu ya dawa za vinkristini na aktinomaisini, na kwa kawaida mionzi ya tumbo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto ambao tezi zao hazikuchukuliwa walirudiwa na ugonjwa tumboni zaidi ya wenzao, hasa walioandikiwa hatua ya kwanza. "Hazikuletwa" si sawa na "hazina saratani", na hilo ndilo nililosimamia.

Wala sitaki kila mtoto achomwe mionzi. Mionzi huzuia mgongo kukua sawasawa, na doksorubisini inaweza kuumiza moyo. Mwenye tezi safi aepushwe. Na mzazi akiambiwa hatua ya tatu asikate tamaa, kwa kuwa katika nchi tajiri watoto takriban 9 kati ya 10 wenye saratani hii ya figo ya watoto, iitwayo Wilms, hupona, na wa hatua ya tatu ni miongoni mwao, wakitibiwa kwa kipimo chao.

Katika wale wanne, wawili walikutwa na tezi ndani ya mafuta yaliyoshikana na figo, na tezi ya mmoja ilikuwa na saratani. Matibabu yake yalibadilishwa. Wa Kayole hakukutwa na tezi yoyote, na kwa kuwa tezi zake hazikupimwa, madaktari wake walikaa wakamhesabu hatua ya tatu. Waliamua wao, mimi sikuandika dawa hata moja. Nililipa, nikafuatilia, nikapanda matatu mara sita kwa nauli yangu.

Walionipinga, wengi hawakuwa mkutanoni. Kati ya mikutano sita, mitatu haikufikisha akidi. Wanachama 63, waliolipa ada ya shilingi 200 kwa mwezi hadi Desemba ni 19. Ada zingelipwa, safari ingekuwapo na maabara ingelipwa pia. Limeniuma, na nalisema wazi.

Mwaka ujao tunatumaini kuchapisha karatasi ya maswali ya kumwuliza daktari kabla ya upasuaji, la kwanza likiwa la tezi, na Mungu akijalia, safari ya Naivasha. Mkutano wa kwanza ni Jumamosi ya pili ya Februari, ukumbi uleule, saa nne asubuhi. Kila mzazi aje na nakala ya ripoti ya maabara ya mwanawe, tuisome pamoja hadi mstari wa mwisho.

Mwenyekiti