Waongoza kwaya, andikeni besi kabla ya alto

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waongoza kwaya wa Lubumbashi, wa mitaa ya Katuba, Kenya na Ruashi, wanaotunga nyimbo za sauti nne: toka juu, soprano, alto, tenori na besi. Sauti zinapogongana katika repetisyo (mazoezi ya kwaya), lawama huwaangukia waimbaji, nayo makosa mengi yamo kwenye karatasi. Mtunzi huandika soprano, huibandikia alto noti ya tatu chini yake toka mwanzo hadi mwisho, tenori humpa kilichobaki, kisha besi huja kama mgeni aliyekuta sahani zimekwisha kuoshwa. Besi hiyo hurukaruka bila sababu, au hung'ang'ania do hadi wimbo uishe.

Dawa yake ni zoezi la dakika kumi na tano kila siku, kwa penseli. Chukua melodi fupi ya noti nane. Usiguse alto wala tenori. Andika besi peke yake, ukitumia do, fa na sol tu kati ya noti saba (do, re, mi, fa, sol, la, ti), yaani misingi ya akori tatu kuu; akori ni noti kadhaa zinazoimbwa kwa pamoja. Kisha imba besi huku ukipiga soprano kwenye kinanda, au rekodi besi kwa simu uimbe soprano juu yake. Sauti hizi mbili zikisikika vizuri bila msaada, kazi kubwa imekwisha. Zikiwa mbovu, alto haitaziponya.

Mwisho wa wimbo unafundisha mengi. Soprano inashuka mi, re, do. Besi inaimba do, sol ya chini, do. Alto inachukua do, ti, do. Tenori inaimba sol, inabaki sol, kisha inashuka mi. Wengi huiacha tenori ibaki sol hadi mwisho, kwa kuwa ni rahisi, na hapo akori ya mwisho inakosa mi: sikio halijui kama wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Do tatu na mi moja zinatosha kufunga wimbo. Sol inaweza kukosekana, mi haiwezi.

Ti inataka kupanda kwenda do, hasa ikiwa kwenye soprano. Kwa hiyo usiwape ti watu wawili katika akori ya sol. Wote wawili watataka kupanda do pamoja, na hizo tayari ni oktava sambamba (oktava ni umbali kutoka do hadi do ya juu; sambamba ni sauti mbili kusonga pamoja zikiushika umbali uleule): sauti nne zimekuwa tatu. Ukiongeza fa juu ya akori hiyo, fa nayo ishuke mi.

Mahali penye mtego zaidi ni besi inapopanda kutoka fa kwenda sol. Mkono wa mtunzi hupandisha kila kitu pamoja nayo: do iliyo juu ya fa inakwenda re iliyo juu ya sol, na hizo ni kwinti mbili sambamba (kwinti ni umbali wa noti tano, kama fa hadi do). Fanya kinyume. Besi ikipanda, sauti tatu za juu zishuke: fa iende re, do iende ti, la iende sol. Besi ikitoka sol kwenda la, ti ipande do, re ishuke do, sol ishuke mi. Akori ya la itakuwa na do mbili, na hapo si kosa.

Ukimaliza, kagua kwa jozi. Sauti nne zina jozi sita: soprano na alto, soprano na tenori, soprano na besi, alto na tenori, alto na besi, tenori na besi. Pita kila jozi peke yake, ukitafuta kwinti au oktava mbili zinazofuatana. Macho yanayotazama akori nzima kwa pamoja huzikosa. Halafu pima nafasi: kati ya soprano na alto, na kati ya alto na tenori, isizidi oktava. Tenori na besi zinaweza kuachana zaidi.

Kuna wanaouliza kama kwinti sambamba ni dhambi. Si dhambi. Nyimbo zetu za kijijini zina sauti zinazotembea pamoja, na ni tamu. Sheria hii ni ya mtindo wa korali (nyimbo za kanisa za sauti nne) za Ulaya, ambamo kila sauti inatakiwa isikike kuwa na njia yake. Anayeandika kwa mtindo huo aifuate. Anayeandika kwa mtindo mwingine asikope nusu. Anayetaka kielelezo achukue korali za mtunzi Mjerumani J. S. Bach, ambazo zilichapwa 371 kati ya 1784 na 1787. Afunike alto na tenori kwa karatasi, aziandike mwenyewe, kisha afunue alinganishe. Korali moja kwa wiki inatosha.

Jambo jingine linachanganya sana hapa kwetu. Aliyesoma solfeji (kusoma noti kwa kuimba majina yake) kwa Kifaransa anajua do moja tu isiyohama. Kwaya nyingi za Kiprotestanti zinaimba solfa, ambayo do yake inahama: do ni noti ya msingi ya wimbo, popote ulipo. Wimbo ukiwa katika Sol, ti ya solfa ndiyo fa diezi (fa iliyopandishwa nusu toni) ya mwenzake, na nimeyaeleza yote ya hapo juu kwa do inayohama. Andika juu ya karatasi: Do = Sol. Maneno mawili hayo yanaokoa nusu saa ya ubishi.

Na umeme ukikatika, repetisyo isiahirishwe. Diapazoni ya la 440, ule uma wa chuma unaotoa noti la ukigongwa, inatosha. Igonge, shika la, teremka sol, fa, mi, re, do. Karatasi ikisema Do = Sol, simama kwenye hiyo sol na uiite do.

Mwalimu wa solfeji,
Katuba, Lubumbashi