Picha za mwezi: siku imebadilika

Habari za jioni wanakikundi. Jamani siku ya kupiga picha za mwezi tumeileta mapema, sasa ni Jumamosi hii saa 1 jioni, uwanjani palepale. Mwezi mpevu tuachane nao, mwanga wa jua unaupiga usoni moja kwa moja vivuli hamna, ila Jumamosi utakuwa nusu na pale giza linapokutana na mwanga ndo mashimo yanajitokeza vizuri.

1. Stendi ya kamera (ile ya miguu mitatu) ni lazima, na lenzi ndefu kuliko zote ulizonazo.
2. Anza na ISO 100 (kamera inavyohisi mwanga), f/11 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/125 (muda wa kupokea mwanga, sehemu ya sekunde). Ukiiacha kamera ijiamulie inaona giza tupu, inazidisha mwanga, mwezi unatoka kama sahani nyeupe (mi nshafuta picha 40 za hivyo usiku mmoja 😅)
3. Fokasi kwa mkono, kuza kwenye skrini mpaka ukingo wa mwezi ukae mkali, halafu weka taima ya sekunde 2 maana hata kidole kinatikisa kamera.

Wenye simu njooni tu, nakuja na darubini mpigie picha kupitia hapo.

Naomba kila mtu athibitishe hapa kabla ya Ijumaa saa 2 usiku, unakuja au huji, na nani ana stendi ya ziada?