Malalamiko kuhusu mbegu za mianzi mlizoniuzia

Lubumbashi, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Duka la mbegu na vifaa vya bustani,
Katikati ya mji, Lubumbashi

KUHUSU: Pakiti 4 za "mianzi ya njano ya mapambo" zilizonunuliwa Oktoba 2024. Ninadai kurudishiwa dola 60.

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wafanyakazi wako. Nimekwisha kuongea na watu wako dukani na kwa WhatsApp. Kila mara nimejibiwa kwa upole mwingi, na kila mara nimerudi nyumbani mikono mitupu. Sasa ninakuandikia wewe mwenyewe, tena kwa karatasi, ili shauri hili likae mezani pako mpaka lipate jibu.

Mwaka jana jirani yetu alimaliza etaji yake, nyumba ya ghorofa. Si mtu mbaya, na ana haki ya kujenga kwake. Lakini madirisha yake ya juu yanatazama ndani ya lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, pale pale tunapowashia mbabula, jiko letu la makaa, tunapoanika nguo, na watoto wanapooga. Kupandisha ukuta wa tofali mpaka ufikie madirisha yale ni gharama ambayo mshahara wa mwalimu hauiwezi. Nikatafuta mmea. Ndipo nikakuta tangazo lenu: mashina manene ya njano yenye mistari ya kijani, yamesimama bega kwa bega, na chini yake maneno haya: "Ukuta wa kijani wa mita 5 ndani ya mwaka 1. Asilimia 95 ya mbegu huota." Nikalipa dola 15 kwa kila pakiti, mbegu 50 ndani yake.

Nilizipanda Novemba, mvua ziliposhika. Nilifuata karatasi yenu neno kwa neno: mbegu zililala usiku kucha katika maji ya vuguvugu, zikaingia katika viriba vyeusi vyenye udongo wa kichuguu uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, kivulini, zikimwagiliwa asubuhi na jioni siku ambazo mvua haikunyesha. Nyingi hazikutoka kabisa. Zile chache zilizotoka zilikuwa na jani jembamba lililosimama, nami nikafurahi, kwa kuwa mwanzi ni wa ukoo mmoja na mpunga na mahindi, na mche wake ukiwa mchanga hauna tofauti kubwa na mche wa mpunga.

Furaha hiyo haikupita Februari. Mimea yenu ilitoa masuke. Machi ikapukutisha mbegu. Baridi ya Mei ilipoingia, yote ilikuwa imekauka, na leo mtoto anaweza kuing'oa kwa vidole viwili.

Mimi ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari, kwa hiyo uniruhusu nikae kidogo hapa. Mianzi mingi huishi miongo mingi bila kuchanua hata mara moja. Kuna aina moja ya China na Japani, jina lake la kisayansi ni Phyllostachys bambusoides, ambayo huchanua kila baada ya miaka 120 hivi; mtu anaweza kuzaliwa, kuzeeka na kuzikwa bila kuliona ua lake. Mmea unaoota Novemba, ukazaa masuke Februari na kufa Mei, ni jani la mwaka mmoja, la namna ile ile tunayong'oa shambani kila msimu. Ikiwa ule ulikuwa mwanzi, basi tuwaite wataalamu wa dunia nzima waje kuushangaa.

Kijana wenu wa WhatsApp alinijibu kwamba hayo ni magugu ya udongo wangu, si mbegu zenu. Sikubali. Udongo niliotengeneza ulizidi mbegu, vikabaki viriba vilivyojazwa kutoka katika rundo lile lile, vikakaa mahali pale pale, vikapata maji yale yale. Katika hivyo hakikuota kitu cha namna ile, hata kimoja. Baadaye nilitia humo nyanya, na nyanya hizo tumezila.

Lakini hata nikiacha kabisa habari ya kilichoota na kisichoota, pakiti yenyewe inawashitaki. Mwanzi uliochapwa juu yake, ule wa njano wenye mistari ya kijani, unajulikana: ni Bambusa vulgaris. Uko katika bustani za karibu nchi zote za joto. Mwanzi huo huchanua kwa nadra sana, na hata ukichanua, chavua yake ni dhaifu na hauzai mbegu. Popote unapouona, ulitokana na kipande cha shina au cha mzizi wa mwenzake. Kuniuzia mbegu za mwanzi ule ni sawa na kumwuzia mama wa sokoni mbegu za ndizi: kila anayelima anajua kwamba mgomba hupandwa kwa chipukizi. Kwa hiyo ndani ya pakiti mlitia kitu kingine, na kitu hicho hakina uhusiano na picha. Hapo hamwezi kusema habari ya kumwagilia, wala ya kivuli, wala ya udongo.

Tuseme sasa kwamba picha ilikosewa na mchapaji, na kwamba ndani mlikusudia kutia aina nyingine ambayo kweli huzaa mbegu, kwa mfano moso, Phyllostachys edulis, ule mwanzi mkubwa wa China ambao mbegu zake huuzwa sana. Bado pakiti haitaji jina la aina. Haitaji pia mbegu zilivunwa lini, na kwa mianzi jambo hili ndilo la kwanza kuuliza. Mbegu ya maharagwe unaweza kuihifadhi juu ya dari mpaka mwaka ujao ukaipanda ikaota. Mbegu za mianzi mingi, zikikaa katika joto la kawaida la chumba, hupoteza uhai ndani ya miezi michache, kwa hiyo anayezithamini huzihifadhi kavu na mahali pa baridi. Zenu nilizikuta zimepangwa katika kabati la vioo karibu na mlango, jua la alasiri likizipiga, mwezi wa Oktoba, ambao kila mtu wa Lubumbashi anajua ulivyo. Hiyo asilimia 95 ilipimwa wapi, na lini?

Nije kwa jibu lililoniudhi kuliko yote. Nilipopeleka malalamiko dukani Machi, dada wa mauzo aliniambia kwa sauti ya kunituliza: "Mama, uvumilie. Mwanzi hukaa miaka 5 chini ya udongo bila kuonekana, halafu unatoka kwa ghafula na kupanda mpaka juu." Hadithi hiyo ninaifahamu. Nimeisikia kanisani, nimeisikia katika semina za biashara, na katika mahubiri haina ubaya, inawapa watu moyo. Lakini duka la mbegu halina ruhusa ya kuitumia badala ya risiti. Mbegu ya mwanzi iliyo hai huota kwa majuma machache. Miaka ile ya mwanzo mimea haijifichi: ina majani, ina vijishina vyembamba, unaiona kwa macho. Kinachofanyika chini ni kwamba mashina ya ardhini yanatandaa na kuweka akiba, na kila msimu mashina mapya yanayotoka yanakuwa marefu na manene kupita yale ya msimu uliotangulia. Shina la mwanzi halinenepi likiisha kutoka. Linatoka na unene wake, linamaliza urefu wake katika majuma machache, basi. Kiriba ambacho hakina jani hata moja baada ya miezi kadhaa kina mbegu iliyokufa.

Na hapo ndipo penye udanganyifu wa ile "mita 5 ndani ya mwaka 1". Ni kweli kwamba shina la mwanzi mkubwa huweza kupanda karibu mita 1 kwa siku moja. Hilo ni shina linalotoka katika kichaka kilichokomaa, chenye akiba ya miaka chini yake. Mche uliotokana na mbegu, hata ukitunzwa vizuri, mwaka wa kwanza ni majani ya kufika kwenye goti, pengine chini ya hapo. Moso wa mbegu huhitaji miaka kadhaa kabla haujaweza kumficha mtu aliyesimama, sembuse kuziba dirisha la etaji. Mliuchukua mwendo wa mwanzi mzima mkaubandika juu ya mbegu. Mngeandika ukweli huo, nisingenunua. Nadhani mnalijua hilo.

Kuna jambo jingine, ambalo kwangu halikuleta hasara kwa sababu tu mbegu hazikuwa mianzi. Niliuliza dukani kama mianzi hii hutambaa, nikajibiwa "haitambai, Mama, hukaa kichaka kimoja". Kwa Bambusa vulgaris jibu hilo lingekuwa sahihi. Kwa moso ni uongo wa hatari: mashina yake ya ardhini hutembea, na huibukia mbali na pale ulipoupanda. Upande wa pili wa ukuta wangu kuna shimo la choo la jirani. Anayepanda mwanzi wa namna hiyo mjini huchimba kwanza mfereji wa sentimita 60 au 70 na kuzungushia plastiki nene. Mnauzaje mmea wa mpakani bila kujua ni wa kundi lipi kati ya hayo mawili?

Juzi nilitazama tena ukurasa wenu. Sasa mna mbegu za mianzi "myekundu", "ya zambarau" na "ya buluu", na ukitazama vizuri ni picha moja iliyobadilishwa rangi. Hata jani lililovunjika upande wa kushoto limevunjika katika zote tatu. Mna pia "mianzi myeusi inayoota ikiwa myeusi". Mwanzi mweusi upo kweli, ni Phyllostachys nigra, lakini mashina yake hutoka ya kijani na kuingia weusi pole pole kuanzia mwaka wa pili. Wapo wengine watakaolipa.

Dola 60 si hasara yote. Kilichoniuma zaidi ni mvua. Ningepewa tangu Oktoba ushauri wa kweli, ningetafuta vipande vya mwanzi wa njano katika bustani yoyote yenye kichaka cha zamani: shina la mwaka mmoja au miwili, vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, vinalazwa katika udongo wenye unyevu mvua zinapoanza. Leo vingekuwa na mizizi. Sasa tumeingia katika miezi ya baridi na ukavu, na mpaka Novemba hakuna cha kupanda. Nimefunga turubai la buluu juu ya kamba za nguo. Upepo wa Agosti utakapokuja, sijui litakaa vipi.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, Bwana Mkurugenzi, na ninayaomba yote. Kwanza, mnirudishie dola 60 taslimu. Kijana wenu alinipa ahadi ya pakiti nyingine mbili "za bahati", ninamshukuru, sizitaki. Pili, muondoe pakiti zenye picha ile katika kabati na katika ukurasa wenu, na mbegu yoyote ya mwanzi mtakayouza baadaye iandikwe jina la aina, mwezi na mwaka wa mavuno, na kama hutambaa au hukaa kichaka. Ile ahadi ya mita 5 ifutwe. Tatu, mnieleze kwa maandishi mbegu hizi mlizipata kwa nani. Sitaki kumfuata mtu huyo. Nataka kujua kama ninyi wenyewe mlidanganywa, maana inawezekana, na ikiwa ni hivyo basi madai yangu kwenu yatakuwa madogo kuliko madai yenu kwake.

Ninawapa siku 15 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, pakiti moja ambayo sijaifungua nitaipeleka SENASEM, idara ya serikali ambayo kazi yake ni mbegu, na nakala ya barua hii nitaifikisha OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, kwa kuwa pakiti imeandikwa kwamba imetoka nje ya nchi. Ningependa tusifike huko. Duka lenu liko karibu na kituo changu cha basi, na mbegu za mboga nilizonunua kwenu miaka iliyopita ziliota vizuri; sina chuki na ninyi.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za mimea ikiwa na masuke, picha ya viriba visivyopandwa kitu, na nakala ya mazungumzo ya WhatsApp. Masuke makavu yenyewe ninayo katika bahasha. Mkitaka mtu wenu aje kuona viriba, aje Jumamosi asubuhi, siku za kazi niko darasani.

Ninangoja jibu lako.

Mteja wenu,
(sahihi)