Yule mvulana analia nini

Marahaba mwanangu. Nimeisikiliza voisi yako, yani picha yote ile niliyokutumia we umeona mvulana anayelia tu, haya ngoja nikwambie.

Aliyeichora ni Jan Steen, Mholanzi wa Leiden, kati ya 1665 na 1668, ipo hapa Amsterdam makumbusho ya Rijksmuseum. Hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, mwezi wa 12. Watoto wanaacha viatu usiku, asubuhi aliyekuwa mwema anakuta pipi na midoli, mtundu anakuta fito za kuchapiwa. Sasa zumu pale nyuma ya huyo mvulana, kuna msichana kashika kiatu juu na fito zimechomoza, ndo cha kwake hicho! Na mdogo wake anamnyooshea kidole huku anacheka anatuangalia sisi, kama vile anatuita tumcheke wote, mi hako katoto kananiudhi kweli. Kale kasichana ka mbele ndo kamejaliwa, ndoo ya zawadi mkononi na mdoli kakumbatia, mama yake anamnyooshea mikono aje nayo lakini wapi.

Enzi hizo Waprotestanti wa Uholanzi walikuwa hawataki mambo ya watakatifu, miji mingine ikapiga marufuku mpaka vibiskuti na midoli yake, ila watu majumbani wakaendelea tu, na Steen mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Alikuwa pia na kilabu cha pombe alichofungua 1672, kwahiyo fujo za watu alizijua vizuri, mpaka leo Waholanzi wakikuta nyumba iko shaghalabaghala wanasema ni nyumba ya Jan Steen, na mimi kwa nyie watatu nimeishi humo miaka mingi tu.

Ila jibu lako liko kule nyuma kabisa, watu wengi wanapita hawaoni. Bibi kasimama kwenye pazia la kitanda, mkono mmoja kwenye pazia, mwingine anamwita mvulana kwa kidole. Kuna kitu kamfichia, mimi nina hakika, bibi haiti mtu bure. Mvulana hajamwona bado kwa vile kashughulika na kulia.

Afu yule mchanga aliyebebwa na kaka yake kule kulia, alichoshika ni biskuti yenye umbo la Nikolasi, si mdoli, kwahiyo kwenye ubishi wenu mdogo wako kashinda, mpe haki yake na usimnunie.

Mama